Sura ya Sita: Wazima na Wafu Katika Maji ya Mji

Masika yakikolea, mitaa ya mabondeni ya Kinondoni na Temeke huwa na kazi ya usiku ambayo asubuhi haitajwi. Wenyewe wanaiita kutapisha. Mwenye nyumba ambaye choo chake cha shimo kimejaa husubiri mvua kubwa, kisha huzibua tundu alilolitoboa ubavuni mwa shimo, upande wa mtaro. Maji yanayoshuka kwa kasi yanasomba kinyesi cha miaka, yanakipitisha mlangoni kwa jirani wa chini na kukifikisha mtoni. Upande wa Kinondoni mara nyingi ni Mto Ng'ombe, unaopita Sinza na Tandale kabla ya kuungana na Msimbazi. Upande wa Temeke maji hushukia Mzinga na kuishia kwenye mikoko ya Mtoni.

Anayetapisha si lazima awe mkorofi. Gari la majitaka halipiti kwenye uchochoro wa hatua mbili, na hata likipata njia, bei yake inauma. Wapo "vyura", vijana wanaoingia shimoni wenyewe kwa koleo na ndoo, lakini nao wanataka chao, na haki yao, kwa sababu kazi ile inaua. Mvua haidai kitu.

Sasa chukua chupa safi, uchote maji ya mto huo kesho yake asubuhi. Katika kila mililita, yaani matone kama ishirini, utakuwa umebeba bakteria kwa mamilioni. Baadhi wametoka tumboni mwa watu usiku uliopita. Wengine ni wenyeji wa udongo na maji, hawana habari na binadamu. Wengi wamekwisha kufa na yaliyobaki ni mabaki yao. Wengine wamelala, wanasubiri siku yenye joto na chakula. Na wapo wanaokula, wanaopumua, wanaotengeneza protini na kugawanyika hapo hapo ndani ya chupa unapopanda nayo daladala.

Ofisa wa afya wa kata anahitaji kuwatenganisha hao. Mhandisi wa majitaka anahitaji vilevile, na mama anayefua kando ya mtaro anahitaji kuliko wote. Kujua kwamba kuna bakteria majini hakumsaidii mtu, kwa sababu hakuna maji ya mto yasiyo nao. Jambo zito ni nani yuko hai, na kati ya walio hai, nani yuko kazini. Sura hii inaeleza jinsi maabara zinavyojaribu kulijibu swali hilo, na kwa nini jibu sahihi linaweza kubadilisha uamuzi wa mtaa mzima.

*

Njia ya kwanza, na ambayo bado inabeba mzigo mkubwa katika maabara zetu, ni kuotesha. Ilikomaa Berlin miaka ya 1880 katika maabara ya Robert Koch. Huko Fanny Hesse, mke wa mmoja wa wasaidizi wa Koch, alipendekeza agari, uji mzito unaotokana na mwani, itumike kugandisha chakula cha bakteria, kwa kuwa gelatini ilikuwa ikiyeyuka kwa joto. Koch mwenyewe alifika Dar es Salaam mwaka 1897 na kukaa hadi mwaka uliofuata, akichunguza malaria na magonjwa mengine. Ukipita leo mbele ya jengo la zamani la hospitali ya Ocean Road, unapita karibu na historia hiyo.

Tuseme unatafuta bakteria wa kipindupindu, Vibrio cholerae, katika maji ya Mzinga. Kwanza unayatia maji hayo kwenye mchuzi wa peptoni wenye chumvi na ualikali wa kutosha kuwachosha bakteria wengi wa tumboni, huku Vibrio akistawi. Baada ya saa 6 hadi 8 unachovya kitanzi cha waya juu kabisa ya mchuzi, kwa sababu Vibrio anapenda hewa na hukusanyika pale juu. Unakiburuza kitanzi hicho juu ya sahani ya agari ya kijani kibichi inayoitwa TCBS, kisha unaifungia sahani kwenye joto la nyuzi 37 mpaka kesho. Kesho yake, mahali alipoota Vibrio cholerae pana vidoto vya njano, laini, vilivyobonyea kidogo, kila kimoja na upana wa milimita 2 au zaidi. Amekula sukari iliyochanganywa kwenye agari, ametoa asidi, na asidi imegeuza rangi. Si kila kidoto cha njano ni kipindupindu, kwa hiyo kinachukuliwa na kupimwa kwa kingamwili kuona kama ni kundi la O1 au O139, ndiyo makundi yaletayo milipuko.

Uzuri wa njia hii ni kwamba haisemi uongo juu ya uhai. Kilichoota kilikuwa hai. Kipindupindu kilipoibuka Dar es Salaam katikati ya Agosti 2015, Vibrio wa kundi la O1 aliyeoteshwa kutoka kwa wagonjwa ndiye aliyethibitisha mlipuko. Mlipuko ule ulienea karibu nchi nzima, na hadi mwanzoni mwa 2018 ulikuwa umewashika zaidi ya watu 30,000 na kuua zaidi ya 500. Kwa tumbo la mgonjwa, ambamo Vibrio yuko kwenye shibe na joto, sahani ya TCBS inatosha.

Kwa maji ya mto haitoshi. Mwaka 1985 James Staley na Allan Konopka waliandika kuhusu jambo lililokuwa likiwasumbua wanasayansi kwa miongo mingi: ukihesabu bakteria wa maji au udongo kwa hadubini, kisha ukawaotesha, wanaoota kwenye sahani ni sehemu ndogo sana ya uliowaona, mara nyingi chini ya mmoja katika mia. Waliobaki wako wapi? Wengine ni wafu. Lakini wengine wako hai na hawataki chakula tulichowapikia, au joto tulilowawekea, au upweke wa sahani isiyo na majirani zao.

*

Aliyelifanya jambo hili kuwa suala la afya ya umma ni Rita Colwell wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani. Mwaka 1982, yeye na wenzake, akiwemo Xu Huaishu kutoka China, walionyesha kwamba Vibrio cholerae na E. coli, bakteria wa kinyesi, wakiwekwa kwenye maji ya chumvi yasiyo na chakula hufika mahali hawaoti tena kwenye sahani yoyote. Kwa kipimo cha Koch wamekufa. Lakini hadubini ilionyesha vingine.

Jinsi walivyojua ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote katika somo hili. Kogure na wenzake huko Japani walikuwa wamebuni mbinu hiyo mwaka 1979. Unaipa sampuli ya maji chakula kidogo cha hamira pamoja na dawa iitwayo asidi ya nalidiksiki, inayozuia bakteria kugawanyika lakini haizuii kula wala kukua. Unaiacha kwa saa kadhaa, unaitia rangi inayong'aa, unaiweka chini ya hadubini. Aliyekufa anabaki vilevile, kidoto kifupi. Aliye hai amekula, amevimba na kurefuka, na kwa kuwa hawezi kugawanyika amekuwa uzi mrefu unaoonekana bila kubahatisha. Unahesabu nyuzi. Hakuna mashine ya mamilioni. Ni hadubini yenye taa maalumu na jicho lililozoea.

Colwell na wenzake waliendelea. Mwaka 1996 walichapisha matokeo ya jaribio la watu waliojitolea kumeza Vibrio wasioota, waliodhoofishwa ili wasilete ugonjwa: bakteria hao walipotoka tumboni baadhi yao waliota tena. Mwaka 2007 kundi la Bangladesh na Marekani liliripoti juu ya Vibrio wa kundi la O1 waliofichama ndani ya utando wa vijidudu kwenye maji ya bwawa la Mathbaria. Walikaa siku 495 bila kuota kwenye sahani, kisha wakarudi kuota baada ya kupitishwa katika tumbo la mnyama. Siku 495 ni zaidi ya masika moja na vuli moja.

Si wanasayansi wote waliokubali mara moja. Wapo waliosema kwamba bakteria hao wako njiani kufa, na kwamba "wanaofufuka" ni wachache tu waliokuwa wazima tangu mwanzo na hawakuonekana. Ubishi huo ni halali na umeifanya kazi ya maabara iwe makini zaidi. Hata hivyo kwa mtu anayelinda kisima cha watu, sahani tupu haiwezi kuchukuliwa kuwa cheti cha usalama. Klorini kidogo isiyotosha, baridi na njaa vinaweza kumpeleka bakteria kwenye hali hiyo ya kutoota bila kumuua.

Na hapa pana jambo la vitendo linaloumiza. Ofisa anayechukua maji ya kupima E. coli Mbagala huyaweka kwenye boksi la barafu na kuyawahisha maabara ndani ya saa 6, akipambana na foleni ya barabara ya Kilwa. Amefanya sawasawa. Lakini kama chupa ileile itatumika kutafuta Vibrio, barafu imemharibia kazi: baridi kali hupunguza sana Vibrio wanaoweza kuoteshwa. Sampuli ya Vibrio inasafiri kivulini, katika joto la kawaida, au inatiwa kwenye mchuzi wa peptoni hapo hapo mtoni. Mtu asiyeelezwa hilo ataleta chupa iliyotunzwa kwa bidii zote na majibu yasiyo na maana.

*

Kisha ikaja DNA, na wengi wakadhani ubishi umekwisha. Huhitaji kuotesha chochote. Unachuja maji, unavunja seli zilizonaswa kwenye kichujio, unatoa DNA yote, na kwa mbinu ya PCR unazidisha kipande unachokitafuta mpaka kionekane. Kwa Vibrio cholerae kuna jeni la utambulisho wake liitwalo ompW, na kuna ctxA, jeni la sumu inayomkausha mgonjwa maji.

Kazi hii imefanyika kwetu. Mwaka 2015 Lucy Dalusi, Thomas Lyimo, Charles Lugomela na wenzao, wakishirikiana na mtafiti wa Sweden, walichapisha uchunguzi wa milango 3 ya mito katika pwani ya Tanzania, kutoka kwenye maji baridi hadi kwenye chumvi. Walitumia njia zote mbili, kuotesha na kusoma DNA moja kwa moja kutoka kwenye sampuli, wakatafuta ompW, ctxA na alama za makundi ya O1 na O139. Waliwakuta Vibrio wenye jeni la sumu. Mwaka uliofuata kundi lililohusisha watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo liliripoti Vibrio wenye sumu wa kundi la O1 kwenye mboga na samaki wa maeneo ya majitaka Morogoro, katika kipindi ambacho hapakuwa na mlipuko. Tafiti hizi mbili zinastahili kusomwa na kila diwani wa kata yenye mto.

Lakini DNA ina tabia moja: haiozi haraka baada ya mwenyewe kufa. Hushikana na udongo, hujificha ndani ya utando, hubaki ndani ya seli zilizopasuka. Mwaka 2016 Paul Carini na wenzake walipima udongo kutoka maeneo mbalimbali ya Marekani wakakuta kwamba, kwa wastani, karibu asilimia 40 ya DNA ya bakteria na kuvu ilikuwa ya viumbe waliokwisha kufa au kuvunjika. Kuisoma DNA ya maji ya Msimbazi ni kuhesabu wakazi kwa daftari la mjumbe ambalo halijafutwa jina tangu lianzishwe: aliyehama yumo, marehemu yumo, na aliyelala mchana kwa kuwa ni mlinzi wa usiku yumo pia. Majina ni ya kweli yote. Ukiwapikia chakula kwa hesabu hiyo utatupa nusu ya sufuria.

Matokeo yake yanaonekana kwenye kisima. Tuseme kisima cha Yombo kimetiwa klorini ya kutosha baada ya mafuriko. Kesho yake PCR bado inaweza kuonyesha DNA ya E. coli, kwa sababu klorini imeua bakteria lakini haikufagia vipande vyao vyote. Mtaa ukitangaziwa kwamba kisima bado ni kichafu, watu watarudi kwenye maji ya mkokoteni yasiyojulikana yametoka wapi. Kosa hapo halitakuwa la mashine. Mashine ilijibu swali ililoulizwa.

Njia moja ya kuwafuta wafu kwenye daftari ilichapishwa mwaka 2006 na Andreas Nocker na wenzake. Kuna rangi iitwayo PMA ambayo haiwezi kupenya ngozi ya seli nzima lakini huingia kwenye seli iliyopasuka. Ukiimulika kwa mwanga mkali inajifunga kwenye DNA na kuifanya isisomeke na PCR. Kinachobaki kusomwa ni cha seli nzima tu. Ni mbinu nafuu kwa maabara ambayo tayari ina mashine ya PCR. Kasoro zake ni mbili, na kwetu zote zina uzito. Maji ya tope huzuia mwanga, na Msimbazi wakati wa masika ni tope tupu. Pili, seli iliyouawa bila kupasuka, kwa mfano kwa mionzi ya jua kwenye chupa iliyoanikwa juu ya bati, bado ina ngozi nzima na itahesabiwa kuwa hai.

*

Kuwa hai na kuwa kazini ni mambo mawili. Aliyelala yu hai.

Kipimo rahisi cha kazi ni ATP, molekuli ambayo kila seli hai huitumia kubeba nguvu na ambayo hupotea upesi seli ikifa. William McElroy wa Marekani alionyesha mwaka 1947 kwamba mwanga wa kimulimuli huwashwa na ATP. Leo kimeng'enya hicho cha kimulimuli, lusiferesi, kinauzwa kwenye vichupa: unakichanganya na maji, na kifaa cha kushika mkononi kinasoma mwanga ndani ya dakika chache. Mwanga mwingi, uhai mwingi. Kwa fundi wa mtambo wa maji anayetaka kujua kama klorini imefanya kazi sasa hivi, bila kungoja sahani ya kesho, ni msaada mkubwa. Ila hakisemi ni nani. Mwani, bakteria wa mto na E. coli wote wanawaka vilevile.

Wengine huifuata RNA. Seli inayotaka kutengeneza protini huandika kwanza maagizo yake katika RNA ya ujumbe, na maagizo hayo kwa bakteria hudumu dakika chache tu kabla ya kuvunjwa. Ukiyakuta, umekuta kazi ikiendelea. Kwa sababu hiyohiyo ni magumu kuyapata: lazima sampuli igandishwe au itiwe dawa ya kuhifadhi ukiwa bado umesimama mtoni, la sivyo utakachokisoma maabara ni namna bakteria walivyoitikia safari ya gari. Watafiti wengi hukimbilia RNA ya ribosomu, yaani ya mitambo ya seli ya kutengenezea protini, kwa kuwa ni nyingi na inadumu zaidi. Hapo panahitaji tahadhari. Mwaka 2013 Steven Blazewicz na wenzake walikusanya ushahidi kwamba baadhi ya seli zilizolala huweka akiba kubwa ya ribosomu, kwa hiyo wingi wake si uthibitisho wa kazi. Bado ninakutana na ripoti zinazoitumia kama uthibitisho, na naona haifai.

Njia ninazoziamini zaidi ni zile zinazompa kiumbe chakula chenye alama na kungoja kuona nani amekila. Mwaka 2000, kundi la Colin Murrell wa Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, lililisha udongo wa msitu methanoli yenye kaboni nzito, isotopu ya 13 badala ya 12. Bakteria walioila waliijenga ndani ya DNA yao, DNA yao ikawa nzito, na mashine ya kuzungusha kwa kasi kubwa ikaitenga na ile nyepesi. Majina yaliyosomwa kwenye DNA nzito yalikuwa ya waliokula. Mwaka 2014 Roland Hatzenpichler, Victoria Orphan na wenzao wa California walionyesha njia nyingine kwa sampuli za mazingira: wanaitia sampuli asidi amino bandia inayofanana na methionini. Kiumbe kinachotengeneza protini huiweka ndani yake bila kutambua, kisha rangi inayong'aa hunasa kwenye ile asidi. Chini ya hadubini wanaong'aa ni walio kazini saa ile. Kemikali za njia hizo mbili zinaagizwa nje na si rahisi, lakini hadubini inayotumika katika njia ya pili ndiyo ileile ya kuhesabia nyuzi za Kogure.

*

Turudi kwenye choo cha shimo, kwa kuwa ndiko kazi ya vijidudu inakogusa mfuko wa mtu. Sensa ya 2022 iliikuta Dar es Salaam ikiwa na watu 5,383,728, na sehemu kubwa yao hawajaunganishwa na bomba la majitaka. Shimo ndicho kiwanda chao cha kusafisha, na wafanyakazi wake ni bakteria. Wakifanya kazi, kinyesi kinayeyuka na shimo linachelewa kujaa. Wakilala, shimo linajaa, na tunarudi kwenye kutapisha.

Mwaka 2016 Belen Torondel na wenzake walichapisha uchunguzi wa bakteria wa vyoo vya shimo vya Tanzania, eneo la Ifakara, na vya Vietnam. Walichukua sampuli za vina mbalimbali, wakasoma DNA, wakapima pia joto, uchachu na kiasi cha mabaki ya chakula ndani ya kinyesi, ili kuona ni mazingira gani yanaendana na bakteria gani. Ni kazi ya uangalifu mkubwa na tunaihitaji. Lakini orodha ile ni ya DNA. Ndani yake wamo bakteria wa utumbo waliofika shimoni wakiwa hai na kufa juma lilelile, wakakaa hapo na majina yao. Anayemeng'enya shimo kweli, hasa kule chini kusikofika hewa, atajulikana kwa kumlisha chakula chenye alama.

Faida yake si ya vitabuni. Madukani na mitandaoni zinauzwa dawa za unga na za maji zinazodai zina bakteria wa kupunguza kinyesi shimoni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, Durban, walizipima bidhaa za aina hiyo maabara na hawakuona kinyesi kikipungua kuliko pale ambapo hakikuwekwa kitu. Bakteria kwenye pakiti wanaweza kuwa halisi, na DNA yao ikaonekana vizuri shimoni wiki nzima. Hawafanyi kazi. Shimo lina bakteria mabilioni waliozoea mazingira yake, na mgeni wa kijiko kimoja hapati nafasi. Mama mwenye vyumba sita vya kupangisha Mtoni Kijichi angeokoa fedha yake kama mtu angemwonyesha kipimo hicho.

*

Sitaki msomaji aondoke akiamini kwamba mito yetu ndiyo mama wa kipindupindu. Mwaka 2017 François-Xavier Weill na wenzake walisoma jenomu za Vibrio zaidi ya 1,000, nyingi za Afrika, zilizokusanywa kwa karibu miaka 50. Walikuta kwamba aina zilizoleta milipuko mikubwa barani humu ziliingizwa kutoka nje mara kadhaa tangu 1970, walau mara 11, na kuenezwa na watu. Vibrio anayeishi kwenye mikoko ya Mzinga miaka yote na Vibrio aliyeua mwaka 2015 si lazima wawe ukoo mmoja. Hii ni sababu nyingine ya kutoridhika na jina la spishi na jeni moja. Anayepaswa kututisha ni mwenye sumu, aliye hai, anayeweza kuongezeka.

Wala mto si njia pekee. Amy Pickering na wenzake, pamoja na mtafiti wa Chuo Kikuu cha Muhimbili, waliosha mikono ya akina mama wa Dar es Salaam na kuotesha kilichotoka. Mwaka 2011 walichapisha kwamba bakteria wa kinyesi kwenye mikono hupanda na kushuka ndani ya siku moja, na kwamba shughuli za kawaida za nyumbani zinairudishia mikono uchafu muda mfupi baada ya kunawa. Walitumia kuotesha, njia ya zamani, na kwa swali lao ilikuwa njia sahihi: walitaka bakteria hai, na walikuwa na saa chache tu kati ya mkono na sahani.

Maoni yangu ni haya. Maabara za Dar es Salaam hazihitaji kusubiri mashine za isotopu ndipo zianze kutofautisha wazima na wafu. Kuotesha kubaki msingi. Pembeni yake iwekwe hesabu ya nyuzi kwa asidi ya nalidiksiki na hadubini, PMA pale maji yalipo safi kiasi, na kipimo cha mwanga cha ATP kwenye visima baada ya klorini. Hayo yanawezekana kwa fedha ya kawaida na wanafunzi waliofundishwa vizuri, na vyuo vyetu vina wanafunzi hao. Kila matokeo ya PCR yanayopelekwa kwa mwenyekiti wa mtaa yaandikwe wazi kama yamehesabu wafu au la.

Nawe unayesoma hapa, ukiletewa majibu ya maji ya kisima chenu, kiwe cha Mbagala au cha Bunju, tazama kwanza mstari unaotaja njia iliyotumika. Kama waliotesha, uliza sampuli ilikaa saa ngapi njiani, na kama walitafuta Vibrio, uliza kama iliwekwa kwenye barafu. Kama walisoma DNA, uliza wafu waliondolewaje. Na wakati unasubiri majibu, chemsha maji ya kunywa mpaka yatokote, au yatie klorini kwa kipimo cha kwenye chupa na ungoje nusu saa kabla ya kuyanywa.